Gari la spoti la Obadia: magurudumu matatu, viti viwili na mama mkwe mmoja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ilongero, mkoani Singida. Obadia Mughwai anavuta turubai kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Chini yake kuna gari la njano ambalo hata aliyesimuliwa mapema lazima alitazame mara mbili: mbele magurudumu mawili, nyuma moja, viti viwili vilivyobanana, halina paa, halina milango, na pua yake ndefu imelala karibu na ardhi.

"Usikae kwanza. Tanguliza mguu wa kulia," anamwelekeza mwandishi wa makala haya. "Ukianza na wa kushoto utabaki unaning'inia, watu wakucheke."

Anabonyeza kitufe. Injini inanguruma, kuku watatu waliokuwa wakichakura uani wanatimua mbio, na Obadia, mwanamume wa miaka 46 mwenye alama za cheche za moto mikono yote miwili, anaangua kicheko. Huliwasha kila siku kabla ya kazi, hata kama hana safari.

"Nikishalisikia, siku yangu imekaa sawa," anasema.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Obadia ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mikokoteni ya ng'ombe, na msimu wa mvua, wakulima wanapokuwa shambani na mifuko yao imekauka, hugeukia mageti na mabanda ya kuku. Mkokoteni mmoja humwachia faida ya shilingi laki moja na nusu hivi. Kwa kipato hicho, kujenga gari la spoti kulimchukua miaka mitano.

Injini aliitoa kwenye pikipiki kubwa iliyopata ajali, aliyoikuta inaoza nyuma ya gereji moja Manyoni. Miguu ya mbele na usukani vilitoka kwenye gari dogo lililokufa kwa uzee. Bodi aliikunja mwenyewe kwa bati la mapipa ya mafuta ya alizeti, na kwa miezi ya mwanzo, likipata joto la jua, gari lilinukia kama jiko linalokaangiwa maandazi.

"Nilikuwa nanunua kipande kimoja, najisahaulisha kama nina gari, halafu nanunua kingine," anasema. "Mke wangu akiuliza, namwambia ni spea za mkokoteni."

Na mkokoteni ukamwadhibu. Siku ya kupima upana wa magurudumu ya mbele, Obadia alichukua kamba iliyokuwa ikining'inia ukutani, ile ile anayopimia mikokoteni, akakata chuma bila kufikiri mara mbili. Miaka ishirini ya mazoea! Matokeo yake gari la spoti likatoka na upana wa mkokoteni wa ng'ombe, nukta kwa nukta.

"Likiingia njia ya mashambani, linajitumbukiza lenyewe kwenye mifereji iliyochimbwa na mikokoteni," anaeleza akijishika kichwa. "Mikokoteni niliyoiunda mimi. Magurudumu ya mbele yanakaa humo kama treni kwenye reli. Sasa la nyuma linapita wapi? Juu ya tuta la katikati, kwenye nyasi. Linaruka, linateleza, unafika umetikisika mpaka jina lako umelisahau."

Huo ndio umiliki wa gari la magurudumu matatu ambao hakuna aliyemwonya kuuhusu. Mwenye gari la kawaida akiona shimo huliweka katikati ya matairi na kupita salama. Obadia hana katikati. Hapo katikati ndipo gurudumu la tatu linapokuja.

Tena halina rivasi, maana injini ya pikipiki haijui kurudi nyuma. Akiegesha vibaya sokoni inabidi ashuke alisukume. Lakini ukweli ni kwamba hajawahi kulisukuma peke yake. Watu huacha nyanya zao chini na kukimbilia, na kila mmoja anataka aliguse.

Kulisajili nako kulikuwa na vituko vyake. Mara aambiwe ni bajaji iliyogeuzwa, mara ni pikipiki iliyovimba. Alilipeleka kukaguliwa mara tatu, akabadilisha breki na kuongeza mikanda, na siku alipokabidhiwa namba alishindwa kujizuia. Alirudi Ilongero akiimba njia nzima, upepo ukimjaza vumbi mdomoni, na hakufunga mdomo.

"Barabara ikiwa nzuri, unakaa chini kabisa, ardhi inapita hapa," anasema, akionyesha usawa wa kiwiko. "Alizeti zote zinakuwa ndefu kuliko wewe. Nina furaha mpaka naona aibu."

Furaha hiyo, hata hivyo, alikuwa ameifungia kabatini. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kushika usukani, na wa kwanza kukatazwa alikuwa mke wake, Magreth.

Magreth aliwahi kuendesha bajaji ya abiria Singida mjini kwa miaka mitatu, na leseni yake ameihuisha. Anapoulizwa kwa nini hakuwa anapewa gari, humtupia mumewe jicho kwanza. "Aliniambia klachi yake ni ngumu kwa mwanamke. Klachi! Mimi niliyekuwa nikipandisha bajaji mlima na magunia mawili ya mahindi."

Hali ilikuwa hivyo hadi Machi mwaka huu.

Wiki hiyo madaktari wa macho walikuja kwa siku nne katika hospitali moja mjini. Miongoni mwa waliopimwa alikuwa Bibi Evodia, mama yake Magreth, mwenye umri wa miaka 72, anayeishi kilomita sita kutoka Ilongero. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Kwa mwaka mzima aliona mwanga na vivuli tu, na sufuria ya moto aliitafuta kwa kupapasa. Akaambiwa arudi kwa upasuaji Alhamisi, siku ya mwisho, awe amefika kabla ya saa mbili asubuhi. Ambaye angechelewa angesubiri safari nyingine ya madaktari, na tarehe yake hakuna aliyeijua.

Obadia alikodi Noah ya kumpeleka. Magreth akaenda kulala kwa mama yake ili amwandae. Usiku ikanyesha. Alfajiri dereva wa Noah akapiga simu: korongo la kijijini kwake, ambalo haliko kwenye njia ya mjini, limejaa, havuki. Bodaboda ndiyo haikuwezekana kabisa, kwa kuwa mwaka jana ilimwangusha bibi huyo ikamvunja mkono, naye akaapa kutopanda tena.

"Nikasema leo ndiyo leo," anakumbuka Obadia. "Gari langu litamfikisha mama hospitali. Nilienda kule nimefura kama chapati."

Akafika uani, akasimama mbali, akatoa heshima zake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Catherine," mama mkwe akajibu, uso akiwa ameuelekeza pembeni. Akasogezwa hadi kwenye gari, akalipapasa ubavuni, akagusa kiti cha kwanza, akagusa cha pili. Hakuna cha tatu. Akauliza swali moja tu.

"Na nani atakaa hapa karibu yangu?"

Katika hesabu zake zote za chuma na mafuta, Obadia hakuwa amelifikiria hilo.

Kwa wazee wa Kinyaturu wa kizazi cha Bibi Evodia, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Katika miaka 17 ya ndoa, Obadia hakuwahi kuketi mkeka mmoja na mama huyo. Na gari lake, kwa jinsi lilivyo jembamba, linawagandisha watu wawili kuanzia bega hadi goti.

"Mkwe wangu ni mtu mwema," anasema Bibi Evodia kwa Kinyaturu, Magreth akitafsiri. "Lakini bega kwa bega, hapana. Ningeuficha wapi uso wangu? Nilisema bora nibaki na giza langu."

Msimamo wa Obadia haukuwa tofauti. "Hata yeye angekubali, mimi nisingeweza. Miguu ingekataa kukanyaga klachi."

Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Jirani wa bibi, Febronia, akaja na kitenge, akapendekeza kifungwe katikati ya viti kama pazia. Wakakijaribu. Upepo mdogo tu wa asubuhi ukakibeba na kumfunika Obadia kichwa kizima. Febronia mwenyewe akacheka, halafu akakikunja haraka, maana dakika zilikuwa zinakwenda na macho ya mtu yalikuwa yanakwenda nazo.

Ndipo Magreth akanyoosha mkono. "Nipe funguo."

"Nilitafuta sababu ya kumkatalia," Obadia anakiri. "Nikaanza kusema klachi, nikaona aibu. Hakukuwa na sababu. Ulikuwa wivu tu, wivu wa chuma."

Akampa.

Magreth akamfunga mama yake mkanda, akazunguka uani mara moja kulizoea, akatoka. Na hapo njiani, mbele ya macho ya mumewe, akafanya jambo ambalo mwenye gari hakuwahi kulifikiria kwa miezi minane. Hakuyaacha magurudumu ya mbele yatumbukie kwenye mifereji. Alilisogeza gari upande mmoja, la kushoto likapanda tuta, la kulia likapita pembeni kwenye majani, na lile la nyuma, ambalo ndilo linalosukuma, likateremka mferejini kwenye udongo mgumu. Likatulia. Likashika. Likaondoka!

"Bajaji inakufundisha kuhesabu matatu," anaeleza Magreth. "La nyuma ndilo linalofanya kazi, basi lipe hilo njia nzuri kwanza. Haya ya mbele yatajijua."

Obadia alibaki amesimama kati ya mashamba, mikono kichwani. Alikuwa amelitengeneza gari hilo, amelipaka rangi, ameliendesha, lakini hakuwahi kuliona likikimbia. Siku zote yeye alikuwa ndani.

"Lilipita pale kwenye kona limelala chini, la njano, kitambaa cha mama kinapepea," anasema. "Nikapiga kelele peke yangu. Nikasema, jamani, kumbe ni zuri hivi!"

Ndani ya gari mambo yalikuwa moto. "Nilidhani meno yatanitoka," anasimulia Bibi Evodia. "Sioni kitu, nasikia upepo na mngurumo tu. Tulipofika barabara kubwa Magreth akauliza, mama, unaogopa? Nikamwambia ongeza."

Waliingia lango la hospitali zikiwa zimebaki dakika sita kufika saa mbili. Jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha ya siku ile. Obadia alifika baadaye nyuma ya bodaboda, ametapakaa tope hadi kwenye nyusi, akakuta watu wamelizunguka gari lake wakimuuliza Magreth maswali. Mmoja akamwomba Obadia asogee, asiliguse gari la watu.

"Nilisogea," anasema akicheka. "Ningefanyaje? Funguo anazo yeye."

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji siku hiyo. Asubuhi iliyofuata bandeji ikatolewa. Bibi Evodia akaona kwanza vidole vya muuguzi, kisha uso wa binti yake, akaushika kwa viganja viwili na kulia. Obadia alikuwa mlangoni, umbali ule ule wa heshima, kichwa ameinamisha. Mama mkwe akageuka upande wake. Kwa desturi alipaswa kuhamisha macho. Hakuhamisha.

"Baba Catherine," akasema polepole. "Kumbe una mvi."

Wodi nzima ikacheka. Obadia peke yake hakucheka.

Tangu siku hiyo funguo zinakaa msumarini sebuleni, na anayewahi ndiye anayeondoka nazo. Anayewahi, kwa maelezo ya majirani, mara nyingi ni Magreth.

Sasa Bibi Evodia ana mpango wake. Mdogo wake, Anastazia, aliolewa Kinampanda, na hawajaonana kwa miaka sita. Mara ya mwisho alipomtembelea, ukungu ulikuwa umeshaanza machoni, akamtambua kwa sauti kwanza. Safari hii anataka kumtazama, na kupanda basi hataki. Ameshaamua kwamba alizeti zikivunwa, atakwenda na lile gari, na Magreth ndiye atakayeendesha.

Viti ni viwili, kwa hiyo Obadia hana nafasi. Mwandishi alimuuliza kama hilo halimuumi, mtu kuachwa na gari aliloliunda mwenyewe kwa miaka mitano.

Obadia anafuta mafuta mikononi kwa kitambaa, macho yanamng'aa.

"Mimi nitatangulia na basi," anasema. "Nashuka kabla ya Kinampanda, nasimama kando ya barabara. Nataka nilione likija."