Ukuta Niliopaka Mweupe

Nilisoma miaka mitatu tu, kwa hiyo ninaandika kama ninavyosema.

Vita vilipotutoa milimani Masisi, mimi na mjukuu wangu wa kike tulifika Mubi. Tukajenga nyumba ya miti na udongo kando ya barabara ya malori. Mama yake, binti yangu, tulimwacha kaburini nyuma ya shamba la maharage.

Mtoto yule alikuwa na miaka kumi na saba, na hakuwa wa maneno mengi. Alichukua makaa na udongo mwekundu, akaanza kuchora ukutani ndani: mlima wetu, mihogo, kuku, kaburi la mama yake na mawe yake. Nikamgombeza.

"Unachafua nyumba!"

"Koko, njia ya mutoni ilipita kushoto ao kuume?" akaniuliza mimi bibi yake.

"Kuume, kwenye ile migomba. Na uache kuchafua nyumba."

"Unagomba, lakini njia unaonyesha," akacheka.

Akaja mchoraji mmoja Mkameruni, mzee wa ndevu nyeupe, kufundisha vijana pale paruwasi, kanisani kwa mapadri. Aliingia kwangu, akakaa mbele ya ukuta ule mpaka chai yake ikapoa. Alisema kwa Kifaransa, mjukuu akanitafsiria. Kwao Douala iko nyumba ya wasanii. Inapokea kijana mwaka mzima, inampa pa kulala, rangi na walimu. Hata yeye ilimlea hivyo. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Alikuwa amepiga picha za ukuta kwa simu, lakini nyumba yangu ina giza, zilitoka nyeusi. Basi mkubwa wa nyumba ile, mama mmoja aliyekuwa safarini huku Congo, angekuja kujionea Alhamisi.

Jumanne mjukuu akapanda pikipiki kwenda Walikale kutafuta karatasi za safari. Mimi nikabaki na wageni kichwani.

Kwetu, ukisikia mgeni anakuja, mwanamke anapaka nyumba upya. Mama yangu alinipiga siku moja kwa sababu padri alikuta moshi ukutani. Na yule mzee si alisema giza njo limeharibu picha? Nikafikiri: nitamtayarishia mtoto ukuta mweupe, achore vipya, vizuri, mbele ya wageni. Sijapata kumpa mgeni chakula cha jana.

Nikachimba udongo mweupe mtoni, nikapaka kuta zote. Pale kwenye kaburi mkono ulisimama kidogo. Nikaendelea.

Alhamisi mjukuu aliwakuta wageni barabarani, akawaleta mwenyewe. Nilimsikia akicheka nje. Akasukuma mlango, akaingia wa kwanza.

"Koko. Vyangu viko wapi?"

"Nimekupakia ukuta. Uwachoree vipya."

Hakutafsiri. Mzee aligusa ukuta, ulikuwa bado na unyevu, akaangalia vidole vyake vyeupe. Akasema polepole kwa Kiswahili chake kibovu: "Mama, hapana. Mama, hapana." Kisha akakaa chini kama mtu aliyefiwa.

Yule mama mkubwa hakuwa na roho mbaya. Alimwomba mtoto achore tena, hata kidogo. Mjukuu akachukua kaa, akachora kuku mmoja. Kaa likateleza kwenye udongo mbichi. Akaliweka kaa chini.

"Mwambie angoje kesho," nikamnong'oneza. "Ukuta utakauka."

"Wanarudi leo, Koko. Wacha."

Nafasi alipewa kijana wa nchi nyingine. Mzee alituma salamu mara mbili, halafu kimya. Mjukuu hakunigombeza hata siku moja, na hilo njo lilinishinda. Sasa iko Omate, anauzia wachimbaji mikate ya mafuta. Ananitumia sabuni na chumvi. Nilimtumia makaa mazuri, nimeyafunga kwa karatasi. Mwenye pikipiki aliyeyapeleka akaniambia mjukuu ameyatia jikoni, anakaangia mikate.

Kiangazi hiki udongo mweupe ulipasuka, kipande kikaanguka. Chini yake nikaona njia ya mtoni, pale inapopita kuume. Nikachukua kijiko, nikaanza kukwangua nitafute kaburi la binti yangu. Lakini udongo unatoka pamoja na makaa. Nilikwangua mpaka nikaona miti ya ukuta, na kaburi sikulipata.

Nikaweka kijiko. Ile njia imebaki, urefu wa kiganja. Jirani zangu wanaingia wananicheka: "Koko, wewe wa usafi, ukuta gani huu?" Ninawaambia wakae mbele ya ile njia.