Pindo Lililopanda Upande Mmoja

Saa mbili asubuhi machela imeshatoka wodini na inakata kona ya kwanza. Aliyelala juu yake ni fundi cherehani wa miaka hamsini na mitatu, ambaye wateja humwita Mama Pindo. Anamwambia mhudumu anayeisukuma kwamba suruali aliyovaa huyo mhudumu imefumuka mguu wa kulia.

"Mama, wewe lala," anajibu mhudumu. "Leo unashonwa wewe."

Mumewe, seremala, anafuata nyuma na kandambili za mkewe mkononi. Yeye hacheki. Mkewe anakwenda kutolewa uvimbe uliomea kwenye ini, mkubwa kama tikiti. Si saratani, lakini umejaa mishipa ya damu, na daktari hakuwaficha: damu ikishindikana kuzuiwa mezani, anaweza asirudi.

Mwanzoni hakuna aliyeufikiria ugonjwa. Tumbo lilikua polepole, na akila kidogo tu ameshiba. Majirani wakampongeza seremala kwa kupata mtoto uzeeni. Alikanusha mpaka akachoka, akaanza kusema asante. Dada yake naye akaja na furushi la nguo za kichanga.

"Nikamwambia, wifi, mimi duka nilishafunga," Mama Pindo anamsimulia mhudumu. "Akasema, kama limefungwa, mbona mzigo umeingia?"

Alicheka kama wengine, ila kazini mambo yalikwenda kombo. Tumbo liligonga meza ya cherehani. Akivuta kiti nyuma, mguu haufiki kwenye kanyagio. Basi akajizoeza kukaa kiubavuubavu, kitambaa akikivuta kwa mkono mmoja.

Aliyemshtukia ni muuguzi, mteja wake wa siku nyingi, aliyerudisha sare yake kwa hasira kwa sababu pindo lilipanda upande wa kushoto. Fundi aliikagua, akakiri kosa, akakaa kuirekebisha. Muuguzi alipoona anavyokaa, sare akaisahau. Akamlaza kwenye benchi la wateja, akampapasa chini ya mbavu.

"Dada, hii si mimba wala si kitambi," akasema. "Kesho twende wote hospitali."

Baada ya picha kupigwa, daktari wa upasuaji, mwanamke mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba uvimbe wa aina hii ukiwa mdogo na mtulivu huachwa ulivyo. Huu ulishaanza kulibana tumbo la chakula. Angeubandua kwenye ini taratibu, pamoja na ganda lake.

"Kama kufumua bitana ya ndani ya koti bila kuchana kitambaa cha juu?" fundi aliuliza.

"Hivyo hivyo. Ila bitana yangu inavuja damu."

Ndipo aliposema ndiyo.

"Kufa naogopa kama wewe," anamwambia mhudumu. "Lakini kukaa naitazama mashine yangu imefunikwa, hilo siliwezi."

Mlango wa chumba cha upasuaji unafunguka, machela inaingia. Seremala anabaki nje.

Upasuaji ulimalizika alasiri. Uvimbe ulitoka mzima, na maabara ikathibitisha kwamba si saratani. Damu aliongezewa chupa mbili. Daktari yuko palepale, ana foleni. Muuguzi amehamishiwa zahanati nyingine. Wifi mtu amerudi kwake. Seremala alipungua mwili, sasa amenenepa tena. Mama Pindo alipumzika nyumbani mpaka kovu likakauka, kisha akarudi kwenye kibanda chake cha kushonea, na siku hizi anakaa mbele ya mashine kama watu wote. Mwaka huu ameanza kupokea makoti ya kiume, kazi ya kuinama mezani kutwa nzima, na anatafuta chumba kikubwa zaidi.