Mkaguzi Aliyengoja Idhini

Saa moja asubuhi, Colleen Abruzzi anasimama mlangoni mwa chumba cha kusagia bangi, barakoa usoni, akitazama vumbi la kijani likielea juu ya vichwa vya wafanyakazi.

"Zima mashine," anasema.

"Dada Colleen, maduka yanasubiri mzigo," meneja analalamika. "Tumalizie huu tu."

"Nimesema zima. Watu watoke nje."

Mashine inazimwa. Colleen, 54, ni mkaguzi wa tume ya jimbo inayosimamia biashara ya bangi, ambayo hapa ni halali. Mamlaka ya kufunga chumba papo hapo amepewa Januari hii. Zamani hakuwa nayo, na hilo ndilo linalomuuma.

Miaka mitatu iliyopita, katika kiwanda kingine, alikuta feni ya kunyonya vumbi imekufa. Msagaji mmoja, Tavon Briscoe, alikuwa akikohoa huku akitania: "Usiogope, mama. Wengine hulipa ili wakohoe hivi."

Colleen alipendekeza chumba kifungwe. Ilihitajika idhini ya makao makuu ya tume, na huko kulikuwa na vita. Mwenyekiti alikuwa amesimamishwa kazi. Makamishna waliobaki waligombana na mkurugenzi kuhusu nani hasa mwenye amri.

"Kila niliyempigia aliniambia niongee na mwenzake," anasema. "Nikangoja. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuuchomoa ule waya wa mashine kwa mkono wangu."

Idhini ikiwa bado haijaja, Tavon alianguka akiwa kazini. Alitoka hospitali akiwa hai, ila mapafu yake hayakuwa yale tena. Ana miaka 31.

Mwaka jana wote wawili walitoa ushahidi katika bunge la jimbo. Sheria ikapita: makamishna watatu badala ya watano, mwenyekiti mmoja wa kuwajibika, na mkaguzi anayeona hatari afunge papo hapo.

"Sheria nzuri," Tavon ananiambia, nikiwahoji wote wawili jikoni kwake, akivuta pumzi kati ya maneno. "Ila imekuja kama polisi. Watu wameshaumia."

Colleen, aliyeketi kando yake, hacheki. Anamsogezea kikombe cha kahawa.

Alipaswa kustaafu Juni. Ameahirisha ili awafundishe wakaguzi wapya, na siku ya kwanza anataka wamsikie Tavon kabla hawajamsikia yeye.

"Utakuja?" anamuuliza.

"Nitakuja, mama. Lakini darasa liwe ghorofa ya chini. Ngazi siziwezi."