Nyasi za gwaride zilizookoa msimu wa Oudekill

Saa moja asubuhi, umande umeganda juu ya uwanja wa Chuo cha Kijeshi cha Oudekill, na Verna Oosterhout anamfokea kanali.

"Afande, toka kwenye nyasi zangu! Zikiganda hivyo zinavunjika kama kioo!"

Kanali anaruka pembeni, kofia mkononi. "Samahani, Bi Verna. Nilitaka tu kuona pale vijana walipowazuia wapinzani."

"Ona ukiwa nje ya mstari, kama wenzako."

Wenzake ni wengi. Tangu mwezi uliopita wanakuja wazee waliohitimu hapa enzi za ujana wao, wanakuja wenye maduka wa mjini, juzi alikuja padri. Wote wanataka kuiona kona ya upande wa mtoni, mahali timu ya makadeti ya futiboli ya Kimarekani ilipohitimishia msimu bora kuliko yote ambayo mji huu unaikumbuka. Verna, mwenye umri wa miaka 57, ndiye mtunza uwanja huo. Anawaacha watazame, kisha anarudi kwenye turubai lake la kufunikia uwanja majira ya baridi.

Hakuwahi kuiwazia kazi hii. Alikuwa nayo mumewe, Gerrit, hadi trekta lilipompindukia na kumvunja mgongo. Verna, binti wa wafugaji wa ng'ombe, aliomba nafasi ile wakati Gerrit angali amelala hospitalini.

"Kwa kinyozi walinicheka," anasema. "Eti futiboli sasa inatunzwa na mama wa maua. Na timu ilikuwa inafungwa kila wiki, basi lawama zote zikawa zangu. Mchezaji akianguka, nyasi za Verna. Kocha akikosea, nyasi za Verna."

Gerrit, ambaye siku hizi anatembea kwa magongo, anacheka akisikia hayo. "Mimi nilikuwa nautunza uwanja," anasema. "Huyu anaulea."

Mwaka jana makadeti walishinda mechi moja tu. Mwaka huu wakaanza kushinda mwezi wa tisa na hawakuacha. Walishinda kwenye joto, wakashinda kwenye ukungu, wakawashinda vijana wa vyuo vikubwa waliowazidi kimo na uzito. Ilibaki mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya watani wao wa jadi, Chuo cha Wanamaji cha Brantport. Mshindi angechukua ubingwa.

Wiki hiyo hiyo mto ukafurika.

Jumatatu asubuhi Verna aliukuta uwanja umegeuka bwawa. Maji yalipoanza kupungua yaliacha tope zito, na kwenye kona ya mtoni nyasi zilikuwa zimechunwa kama mkeka uliovutwa sakafuni. Mechi ilikuwa Jumamosi.

Brantport wakapiga simu kwa upole mwingi: njooni mchezee kwetu. Mkuu wa michezo wa chuo alikuwa karibu kukubali.

"Sikutaka hata kusikia," anasema nahodha Tavita Leiataua, kadeti wa mwaka wa nne. "Mechi yangu ya mwisho maishani, nikacheze kwao, mbele ya yule bata wa nembo ya timu yao, aliyevishwa kofia? Afadhali tuchezee mtoni."

Verna alimwambia mkuu wa michezo asubiri hadi Alhamisi. Kisha akaita watu.

Makadeti walikuja na makoleo, wachezaji na wasio wachezaji. Watu wa mjini walikuja na matoroli, na wake zao wakaleta kahawa na donati za tufaha. Mfugaji mmoja alileta pampu anayonyonyea samadi. "Tulinuka sote, maafisa kwa makadeti," Verna anasema, "lakini maji yalitoka."

Kufikia Jumatano uwanja ulikuwa unapumua, isipokuwa ile kona. Pale palikuwa udongo mtupu, na mwamuzi asingeruhusu mechi ichezwe juu yake. Verna alipiga simu kwa kila anayeuza nyasi jimboni. Jibu likawa lile lile: ni Novemba, mama, ardhi imelala.

Ndipo akapanda ngazi hadi ofisi ya mkuu wa chuo, Jenerali Whitcomb Adair, akiwa na viatu vya tope.

"Afande, nimekuja kuomba nyasi."

"Nyasi zipi, Bi Verna?"

"Za uwanja wa gwaride."

Kwa watu wa Oudekill, ombi hilo ni sawa na kuomba madhabahu ili utengeneze benchi. Hakuna anayekatiza uwanja wa gwaride. Jenerali mwenyewe anakiri kwamba alipokuwa kadeti aliadhibiwa kwa kuukanyaga akiwahi chakula.

"Nilimwambia hapana," Jenerali anasimulia. "Nikamwambia hapana mara ya pili. Hakuondoka."

Verna alimwonyesha dirisha. Chini, vijana walikuwa wanasukuma tope giza likiingia.

"Nyasi zitaota tena, Afande," alimwambia. "Hao wa mwaka wa nne hawatarudi tena."

Jenerali akasema, "Chukua. Mbali na jukwaa la wageni, tafadhali."

Walizikata usiku kucha, vipande vinene vyenye udongo wake, vizito kiasi kwamba kila kimoja kilibebwa na watu wawili. Wahitimu wa zamani walipopata habari, simu ziliwaka moto. Mmoja alisema chuo kimenajisiwa. Jenerali alizipokea zote mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Oudekill waliongoza kwa pointi chache hadi dakika za mwisho, Brantport walipousogeza mpira hadi hatua moja kutoka mstari wa goli, upande wa mtoni, juu ya nyasi za gwaride. Walikuwa na majaribio manne ya kuvuka.

"Watu wote walitazama mpira," Verna anasema. "Mimi nilitazama viatu."

Mara ya kwanza Brantport walisukuma, ukuta wa Oudekill ukakaa. Mara ya pili ukakaa. Mara ya tatu ukayumba, ukakaa. Mara ya nne Leiataua alipita chini ya watu wawili, akamkumbatia mwenye mpira, wakaanguka pamoja bila kuuvuka mstari. Kipande cha nyasi hata kimoja hakikuteleza.

"Nilimwambia mwenzangu wa pembeni, kaka, hii ni ardhi ya gwaride," Leiataua anasema. "Juu yake tumepigiwa kelele na maafisa tangu mwaka wa kwanza. Nani atatusogeza?"

Ubingwa ukiwa wao, wachezaji walimkimbilia Verna wakitaka kumbeba begani. Alikataa. Alimshika nahodha uso kwa mikono miwili.

Kwa kinyozi, anasema, siku hizi wanamwachia kiti.

Uwanja wa gwaride una doa la kahawia sasa. Verna amelipalilia, amelimwagia mbegu, amelifunika kwa majani makavu ya ngano ili baridi isiziue. Mwezi wa tano makadeti wa mwaka wa nne watapita hapo kwa gwaride lao la mwisho, wale kiapo, wawe maluteni, kisha watawanyike.

"Tavita wanampeleka Alaska," anasema. "Huko ni theluji tu. Nataka kwanza apite juu ya kijani."