Rangi ya Chumba cha Bibi

Nikipita kwenye nyumba inayopakwa rangi, hapa Alunguli, ile harufu kali ya mafuta hunirudisha kwenye chumba cha Bibi, miaka ile ya Wabelgiji, nilipokuwa msichana mdogo nisiyethubutu kusema mbele za watu.

Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa ametoka Tunda kuja kukaa kwetu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini hakutaka yatajwe.

"Siku mutanishika mukono kama mutoto," alituambia, "njo siku nitarudi Tunda."

Na kule Tunda hakuwa tena na mtu wa kumpikia.

Baba alileta mikebe miwili ya rangi ya buluu-kijani, tuchague mmoja. Rangi moja ilikuwa nyepesi kama yai la bata. Nyingine nzito kama mgongo wa bata dume unapong'aa juani. Sote tulipenda ile nyepesi. Mama akapaka ukutani kiraka cha kila moja, na vilipokauka akapigilia msumari katikati ya kila kiraka. Akatundika kitambaa cheupe cha Bibi cha kuswalia kwenye kiraka chepesi, akamwomba akichukue. Bibi akapapasa ukuta kama mtu anayetafuta kiberiti. Kesho yake Mama akakitundika kwenye kile kizito. Mkono wa Bibi ukaenda moja kwa moja.

Mama akachagua nzito, na kuzunguka mlango akapaka chokaa nyeupe.

Shangazi Mwamini, dada yake baba, alipokiona chumba alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Ee wifi! Hii njo chumba ao njo pori? Tutakutana na chui humu!"

"Ile ingine inaonyesha uchafu," Mama akajibu. "Nimechoka kupanguza."

"Sema uvivu!"

Niliona haya kwa ajili ya Mama, maana mtaani kwetu hakuna aliyefagia kama yeye.

Adhuhuri ilipofika, Bibi aliinuka mwenyewe, akautazama ule weupe wa mlango, akatoka kwenda kutawadha bila kugusa ukuta.

"Muke wa mutoto wangu iko muvivu," alisema akipita, "lakini chumba chake ninakipenda."

Mama akacheka naye. Bibi hakurudi Tunda.

Nilichelewa sana kuelewa. Mama alikubali kuitwa mvivu mbele ya mawifi zake, miaka yote ile, ili neno kipofu lisitamkwe ndani ya nyumba yetu.