Uko Nani kwa Autisme?

Emérence Kaswera alikuwa mshonaji wa nguo katika mtaa wa Mususa, Butembo. Ukimpelekea kitambaa ulirudi na gauni, naye alibaki na habari zako zote. Alikupima kiuno huku akiuliza. Hata pini zikiwa mdomoni aliuliza. Mumewe, Mumbere, alipenda kusimulia kwamba siku ya posa bibi arusi ndiye aliyewahoji wajomba wa bwana, wazee wakabaki kunywa fanta.

Binti yao Keren alikuwa na miaka tisa. Hakusema neno lake mwenyewe, ila matangazo ya redio aliyajua yote, kuanzia sabuni mpaka misiba. Alikaa chini ya meza ya cherehani akipanga vifungo, na ukivigusa vifungo vile, nyumba ya tatu ilijua. Kwa miaka sita watu walimwambia Emérence kuwa mtoto ana mapepo, au amerogwa, au mama yake anasema sana hata mtoto amekosa nafasi. Halafu muuguzi mmoja kutoka Goma akatamka neno autisme, hali ile ambayo redio za mbali huiita usonji. Emérence alilia njia nzima hadi nyumbani. Kesho yake akafungua groupe ya WhatsApp.

Ulikuwa mwaka 2021, jeshi lilipokabidhiwa mkoa kwa sababu ya waasi waliokuwa wakiua watu usiku, na barabara ya Beni ikawa ya kupita nyuma ya msafara wa askari. Mama wa Kalunguta hakuweza kumtembelea mama wa Mabalako, lakini ndani ya simu waliweza kulia na kucheka pamoja. Walianza kumi na mmoja. Kisha mtu akaitupa link katika groupe ya kwaya, na kabla wiki haijaisha walikuwa zaidi ya mia: mchungaji wa mafuta ya upako, mgombea ubunge, kijana anayetafuta mchumba, na bwana mmoja aliyejiita Docteur Henri, muuza sirop ya kufungua ulimi wa watoto.

Wengine waliudhika. Emérence alifurahi: Mungu alikuwa amemletea watu wa kuhoji.

Kila aliyeingia alipelekewa swali: "Uko nani kwa autisme?" Wote wakajibu kuwa ni mama au baba. Basi akatunga mitego.

"Nywele ya mutoto munakata aje?" aliuliza.

Mwongo alijibu: "Tunamutuma kwa coiffeur." Mama wa kweli alituma sauti, akicheka hadi akakohoa: "Mama, tulianza mwezi wa tatu. Upande wa kushoto bado!"

"Na chakula, anakula nini?" Mgombea ubunge aliandika kwamba mwanawe anakula kila kitu bila shida. Alitolewa kabla hajamaliza kumshukuru mwenyekiti wa chama chake. Majibu yote Emérence aliyaandika katika daftari la vipimo vya wateja: mama, baba, nyanya, mwalimu, muuguzi, na safu ya mwisho, *muongo*.

Siku moja ya Jumatatu akaingia Kamate.

"Uko nani kwa autisme?"

"Niko Kamate."

"Kamate nani?"

"Kamate mwenye anatengeneza radio, Beni, pembeni ya soko."

"Nani alikuingiza huku?"

"Hakuna mutu. Nilifinya link na kidole."

"Uko na mutoto autiste?"

"Hapana."

"Mutoto ya dada? Ndugu mudogo?"

"Hapana. Hapana."

"Lakini unatafuta nini kwetu?"

"Nasoma."

Emérence alimsomea rafiki yake Anne-Marie, mama wa mapacha, mazungumzo yote. "Huyu anatucheka," alisema. "Acha akae. Nitamukamata."

Siku ya tatu Kamate akatuma orodha. Alikuwa amepanga majina ya wanachama wote, na mbele ya kila jina saa anazosoma ujumbe na mahali alipo. *Mama Bénite anasema iko Butembo. Lakini courant ya umeme yake inakatika saa ileile na ya Beni. Mama Bénite iko Beni.*

Ilikuwa ndefu, na hakuna aliyeimaliza. Wakati ule kila mtu alijua ni watu gani wanaoandika nani analala wapi. Mama ishirini walitoka ndani ya saa moja. Bénite alizima simu akahamia kwa shangazi yake. Emérence akamtoa Kamate.

Baada ya dakika mbili akarudi kwa link ileile: "Nilitoka bila kutaka." Akatolewa. Akarudi: "Link bado inafanya kazi. Nakujulisha."

"Nitaenda kumuona na macho," alisema Emérence.

Mumbere alikataa. Anne-Marie alikataa pia, kisha akapanda naye gari, maana alitaka kuona. Keren walimchukua, kwa kuwa hakuna aliyeweza kubaki naye. Emérence alibeba redio ya nyumbani, ambayo asubuhi hiyo aliifungua akaikata waya ili apate kisingizio. Njia nzima walikwenda nyuma ya malori ya askari, Anne-Marie akisali, Emérence akimhoji dereva.

Beni walimpata mara moja: mtu wa miaka thelathini na kitu, nyuma ya meza iliyojaa redio, zote zimepangwa kwa urefu. Kando yake mama mzee aliuza sombe, majani ya muhogo.

"Radio yangu imenyamaza tu, sijui juu ya nini," alisema Emérence kwa sauti ya mjane.

Kamate aliifungua. Hakumtazama usoni. "Mutu alikata waya na makasi ya nguo," alisema. "Ni ya leo. Bado inangaa."

Anne-Marie akageuka kutazama ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Kabla Emérence hajapata uongo mwingine, Keren aliingia chini ya meza ya Kamate na kuanza tangazo la sabuni. Alipofika katikati alivuta pumzi. Kamate, akichoma waya, akaendelea pale alipoachia. Keren akapokea. Wakapita sabuni, wakapita mabati, wakafika kwenye misiba, kila mmoja na sehemu yake. Keren alikuwa hajawahi kupokezana maneno na mtu yeyote, hata mama yake.

Emérence alikaa juu ya kopo la rangi. Aliuliza polepole: "Kamate, weye unakula nini?"

"Bugali nyeupe. Mboga kwa sahani ingine."

"Nywele nani anakukata?"

"Ni miye. Mashini ya coiffeur inalia kama masasi ya bunduki."

Emérence alitaja jina lake na kumwambia kuwa ndiye mwenye groupe. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Uliuliza kama niko na mutoto. Haukuuliza kama ni miye."

Yule mama wa sombe, Mama Adèle, ndiye aliyemzaa. "Shuleni balimupiga," alisema, akiendelea kukata majani. "Kwa barrière ya barabara, askari alimuuliza, 'Unatoka wapi?' Akajibu, 'Kwa tumbo ya mama.' Bakamufunga siku mbili. Alisikia neno yenu ya autisme kwa radio, akaniambia, 'Mama, bananisema.'" Akapangusa kisu. "Kwenu alikuwa na furaha. Kisha mukamufukuza mara tatu."

"Mara mbili," alisema Kamate.

"Nisamehe," alisema Emérence, na safari hii hakuongeza swali. Kamate akamrudishia redio, inasema.

Usiku ule walilala kwa Mama Adèle. Emérence akaisoma orodha mpaka mwisho, akaukuta mstari huu: *Docteur Henri, Papa Grâce na Mama Jolie biko mutu moja. Bote banaandika autisme na m mbili.* Papa Grâce na Mama Jolie ndio waliokuwa wakishuhudia kwamba sirop imewaponyesha watoto wao, na kwa ajili yao Henri alikuwa hajatolewa.

Asubuhi aliifuta orodha, akamweleza Kamate kwa nini mahali watu wanapolala hapaandikwi. Kamate aliuliza maswali kumi na manne, akaelewa, akamwomba Bénite msamaha kwa barua ya kurasa tatu. Docteur Henri alibakishwa kidogo ili Kamate amuulize mbele ya wote: "Ulimi ilifungwa na nini?" Henri akajibu. "Kamba hiyo iko upande gani?" Henri akajibu tena. Lilipofika swali la sita, daktari na mashahidi wake wawili walitoka dakika ileile.

Katika daftari Emérence alifungua safu mpya: *mwenyewe*. Wakati ule ilikuwa na jina moja tu.

Wiki mbili baadaye Ananie, mwalimu wa kwaya huko Kanyabayonga, aliyeingia kama baba wa mtoto na kupita mitego yote, aliandika: "Mama présidente, naomba ruhusa ya kubadilisha jibu yangu. Nilikuwa nasoma maneno ya Kamate."

Kabla Emérence hajajibu, mke wa Ananie alituma sauti. Nyuma yake sufuria zililia.

"Mubadilishie, Mama Keren. Miye nilijua tangu ndoa. Nilingoja tu aulizwe."