Nilivyompelekea Baba isale ili akubali kukatwa saratani ya tumbo

Wakuu, heshima kwenu. Hii ni ya nyumbani kwetu kabisa, siongezi chumvi hata punje.

Enzi zile za internet cafe nilikuwa nasoma biolojia chuoni, nimepanga mtaa wa Soweto pale Moshi. Baba yangu, mkulima wa kahawa kule Rombo karibu na mji wa Mkuu, akagundulika ana saratani ya tumbo. Daktari akasema inaonekana bado haijaenda mbali, akatwe haraka.

Mzee akagoma. Hoja yake ni ile mnayoijua, kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa.

Nikaingia cafe kutafuta inasambaaje hasa. Ndipo nikakutana na microRNA. Aisee, siku hiyo nilisahau hata kula!

Ni vipande vidogo mno vya RNA ndani ya seli, kazi yake ni kuzibana gene zisizidishe. Kwenye saratani ya tumbo, baadhi vinapungua, basi gene zilizobanwa zinafunguka: seli inaachana na wenzake, inatoboa ukuta wa tumbo, inaanza safari. Vingine vinazidi, vinachochea hiyo hiyo safari. Kumbe mchezo unaanzia ndani ya seli, uwe na kisu usiwe nacho! Kusubiri ndiyo kuipa nafasi.

(Wataalamu msinirushie mawe, nafupisha.)

Nikapanda Rombo. Nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikampigia Baba magoti. Kwetu jani hilo ni la kuombea msamaha, na ukiletewa hukatai.

Akashangaa, akaniuliza nimekosa nini tena.

"Bado, Baba. Naomba msamaha wa kesho, maana kesho nakupeleka hospitali utake usitake."

Mzee alicheka hadi akashika tumbo. Nikamweleza habari yote ya microRNA. Akauliza, "Hivyo vidude vyangu bado viko kazini?"

Nikamwambia ukweli, kwetu hakuna kipimo chake, tutajua tu kama saratani imesambaa tumbo likifunguliwa. Akalipokea jani.

Akakatwa. Majibu yakatoka: haijavuka ukuta wa tumbo, tezi za jirani safi. Wakuu, nililia korido nzima kwa furaha!

Nilichojifunza, hofu ya kisu isikukalishe na mgonjwa ndani. Muwahishe. Kama na wewe una mzee mbishi, hebu tuambie ulimwezaje.

Wangu, akishika kikombe chake kidogo cha mbege, anawaambia wageni vidude vyake havikulala kazini. Hatukuvipima kamwe, ila mimi simbishii.